MREJESHO: Kumbetia yule dereva chipukizi wa Solvalla

Wakuu, habari za siku. Niliomba ushauri kama inalipa kumbetia dereva kijana wa mbio za farasi wavutao vigari hapa Solvalla, Stockholm, anayesifiwa sana. Asanteni mno kwa majibu.

Nilifuata ushauri wa kuangalia farasi na namba ya kuanzia kabla ya jina la dereva. Mbio zinapoanzishwa nyuma ya gari linalotangulia, lenye mabawa ya kuwapanga farasi, namba 1 hadi 8 hukaa mstari wa mbele, kuanzia 9 wa pili. Kijana akipangwa nyuma, naacha. Nikabeti pia aingie tatu bora badala ya ushindi. Hapo nimefaulu: malipo madogo, ila yanaingia.

Ule ushauri wa kumuwahi kabla odi (kiwango cha malipo) hazijashuka haukufaa. Dau zote za ushindi huingia kapu moja, na odi ya mwisho hupatikana dirisha likifungwa. Niliona odi nono, nikaweka ushindi. Mashabiki wakammiminikia, ikasinyaa. Tena farasi akaacha mchakamchaka, mwendo unaotakiwa, kwenye kona ya kwanza, akaenda shoti. Kijana alimtoa nje taratibu, hatamu mkononi bila papara, mpaka akatulia. Wenzao walishatokomea, lakini pale ndipo nilipoamini kweli ana kipaji.

Kwa jumla bado nimepungukiwa kidogo. Mliosema nitenge hela ya mwezi na nisiiongeze, Mungu awabariki, maana ndiyo imeniokoa. Dau za ushindi nimeacha. Za tatu bora naendelea nazo.