Nilipe kwa njia ipi? Simu ya Instagram na spea za AliExpress

Mkazi wa Uyole
Wakuu, habari za leo. Nipo Mbeya, nataka simu ya laki sita kwa muuzaji wa Instagram anayesema duka lake liko Kariakoo. Anataka nitume hela yote kwenye namba yake ya kawaida ya M-Pesa ndipo apandishe mzigo kwenye basi. Pia nataka kuagiza spea za cherehani AliExpress (duka la mtandaoni la China), ila naogopa kutumia kadi ya benki maana mshahara unapitia humo. Naombeni ushauri.

Mhasibu Mstaafu
Usitume mkuu. Hela ikishaingia kwenye namba ya mtu binafsi, tapeli anaitoa kwa wakala ndani ya dakika chache, na ikishatolewa mtandao hauna cha kukurudishia. Mwombe Lipa Namba ya duka, yaani namba ya kupokelea malipo iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Unapiga *150*00#, unaingia kwenye malipo, unaweka namba hiyo, na kabla ya kuweka namba ya siri unaona jina la biashara. Jina lisipofanana na la duka, katisha hapo hapo. Lakini elewa vizuri: Lipa Namba inakupa jina na ushahidi tu, haishikilii hela mpaka mzigo ufike.

Fremu Namba Saba
Nakazia. Kwa laki sita, tafuta ndugu aliyeko Dar aende dukani. Awashe simu, abonyeze *#06#, alinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu) na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha aitume kwa SMS kwenda 15090. Majibu yakitaja aina nyingine ya simu, aondoke. Ikiwa sawa, alipe pale pale na adai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina la duka.

Na picha ya risiti ya basi isikudanganye, picha moja hutumiwa wateja wengi. Hata risiti ikiwa halali, inathibitisha kwamba boksi limepokelewa, haisemi ndani kuna nini.

Mkazi wa Uyole
Asanteni sana. Nina shemeji Tabata, nitamwomba aende. Na AliExpress je?

Binti Bandarini
Huko tumia kadi ya mtandaoni ya Visa unayoitengeneza ndani ya M-Pesa, siyo kadi ya mshahara. Weka kiasi cha oda hiyo tu na ziada kidogo: kitu cha 80,000 weka kama 85,000, kwa sababu bei iko kwa dola na malipo hukataliwa salio likipungua hata shilingi mia kadhaa. Watu wengi hudhani kadi ni mbovu kumbe ni hilo. Ukimaliza kulipa, futa kadi kwenye akaunti yako ya AliExpress. Hata taarifa zikivuja, mwizi atakuta hamna kitu.

AliExpress wanashikilia hela mpaka uthibitishe kupokea, kwa hiyo kitufe cha kuthibitisha usikiguse kabla ya kufungua kifurushi na kujaribu spea. Rekodi video wakati wa kufungua, anza na karatasi ya anwani ikiwa bado imebandikwa. Spea zisipoingia kwenye cherehani yako, fungua malalamiko. Dirisha la malalamiko hufungwa siku 15 baada ya oda kukamilika.

Mhasibu Mstaafu
Niongeze hapo. Muuzaji akikubembeleza ufunge malalamiko kwanza ndipo akurudishie hela, kataa. Akikuhamishia WhatsApp ulipe nje ya AliExpress ili upate punguzo, kataa pia, ulinzi wote unabaki kule. Kwa wanaotumia PayPal, chagua malipo ya bidhaa. Ukichagua ya marafiki na familia huna haki ya kudai.

Fremu Namba Saba
Na ile namba ya uthibitisho inayoingia kwa SMS unapolipa kwa kadi, hakuna mfanyakazi wa benki wala wa mtandao anayepaswa kuiomba. Akipiga mtu kuiomba, kata simu.

Mkazi wa Uyole
Na kama mtu ameshatuma kwa tapeli?

Mhasibu Mstaafu
Apige huduma kwa wateja ya mtandao wake dakika hiyo hiyo (Vodacom ni 100) akiwa na namba ya muamala mkononi, waombwe kuizuia hela kabla haijatolewa. Kisha aende polisi achukue RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. SMS ya tapeli aitume kwenda 15040, ataulizwa namba iliyoituma. Asimjulishe tapeli kwamba amegundua, maana ndiyo kumharakisha kwa wakala.