Baa ya nyumbani yenye tangi kubwa la samaki: likae ndani ya kaunta au ukutani?

Mjenzi_Kigamboni

Ndugu zangu, habari za wakati huu.

Ninajenga nyumba ya ghorofa moja huku Kigamboni, na kazi imefikia hatua ya kupiga lipu ndani. Sebule ya juu, yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, nimeitenga kwa ajili ya wageni. Ndani yake ningependa kuweka baa ndogo ambayo upande wa mbele wa kaunta, badala ya kuwa wa mbao au matofali, uwe ni tangi la samaki lenye urefu wa sentimita 240, upana wa 60 na kimo cha 60. Nimeona picha za kaunta za aina hiyo katika hoteli za nje, nami nimevutiwa sana na namna mwanga wa majini unavyotosha kuangaza chumba.

Naomba ushauri wa wenye uzoefu. Je, sakafu ya juu itahimili? Je, tangi likae kwenye kaunta kama ninavyowaza, au kuna mahali bora zaidi? Na ni samaki gani watakaovumilia wageni, muziki na taa za usiku? Nilikuwa nikiwafikiria samaki wa matumbawe, kwa kuwa bahari iko jirani. Fundi mmoja amenishauri nitumie MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) kwa sababu ya bei. Ningependa kupata mwelekeo kabla mabomba na nyaya havijafunikwa.

Mpiga_Hesabu_za_Zege

Ndugu mleta mada, umefanya vyema kuuliza mapema. Tuanze na uzito, kwa sababu huo ndio utakaoamua mengine.

Tangi la vipimo ulivyotaja huchukua lita 864 likijaa hadi ukingoni, na kila lita ni kilo moja. Likijengwa kwa kioo cha milimita 15, vioo peke yake vinakaribia kilo 190. Ukiongeza mchanga, mawe na meza ya kulibeba, utafika kilo 1,200 au 1,300 bila shida, na mzigo wote huo umekaa juu ya eneo lisilofika mita mraba moja na nusu. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba takriban kilo 150 hadi 200 kwa kila mita mraba, ukiacha uzito wa zege lenyewe. Wewe unataka kuweka karibu kilo 900 kwa mita mraba, usiku na mchana, kwa miaka.

Sisemi kwamba haiwezekani. Zege husambaza mzigo, na tangi likikaa sambamba na ukuta unaobeba nyumba, au juu ya bimu, hali huwa tofauti kabisa na likikaa katikati ya chumba kama kaunta inavyokaa. Lakini mwenye uwezo wa kusema ndiyo au hapana ni mhandisi aliyepanga nondo za jengo lako, akiwa na michoro mbele yake. Fundi akikuhakikishia kwa kuangalia tu kwa macho, usikubali. Kama chini kuna chumba chenye sakafu iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri, mimi ningehamishia baa huko.

Jambo jingine: msukumo wa maji kwenye kioo huongezeka kadiri maji yanavyokuwa na kina. Ukishawishika kupandisha kimo kutoka sentimita 60 hadi 80 kwa ajili ya urembo, ujue unabadilisha unene wa kioo na bei yake, ilhali samaki wengi hufaidika zaidi na upana na urefu.

Seremala_wa_Keko

Nimetengeneza kaunta nyingi za nyumbani, na kwa heshima zote ningekusihi uachane na wazo la tangi kuwa uso wa kaunta.

Kaunta ya kukalia viti virefu huwa na kimo cha sentimita 105 hadi 110, kiti chake kina kimo cha 75 hivi, na ubao wa juu hutokeza sentimita 25 hadi 30 kuelekea kwa mgeni ili magoti yapate nafasi. Sasa tazama kinachokutana na magoti hayo, na viatu, na miguu ya viti inayosukumwa mbele na nyuma usiku kucha: ni kioo kinachozuia karibu tani moja ya maji. Zaidi ya hayo, aliyeketi hawaoni samaki walio chini ya ubao anaoegemea. Picha unazoziona zimepigwa kutoka ng'ambo ya chumba, wageni wakiwa bado hawajakaa. Na ubao ukishafunika tangi, mtu wa kusafisha atapitisha wapi mkono? Atalazimika kunyanyua mninga au jiwe kila wiki, na baada ya muda mfupi ataacha.

Weka tangi kwenye ukuta ulio nyuma ya kaunta, pale ambapo baa nyingi huweka kioo cha kujitazamia. Hapo kila aliyeketi analitazama moja kwa moja. Nafasi unayo: sentimita 60 za tangi, 100 za njia ya mhudumu, 60 za kaunta na 90 za viti na watu, jumla ni sentimita 310 kati ya 500 ulizonazo. Kitako cha tangi kikiwa sentimita 105 hivi kutoka sakafuni, maji yatakuwa sawasawa na macho ya mgeni aliye juu ya kiti kirefu. Juu yake unaweza kupanga rafu za chupa, na chini yake ukaweka friji.

MDF hapana. Ikinywa maji huvimba na hairudi, na hapo maji hayatakosekana. Jenga meza ya kubeba tangi kwa matofali na zege lenye nondo, au kwa chuma kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu, kisha mimi au seremala mwingine aje kuivika mbao kwa nje. Mbao hizo zisibebe chochote.

Mfugaji_wa_Kigoma

Ninaafikiana na Seremala kuhusu ukuta wa nyuma, ila rafu za chupa juu ya tangi na friji chini yake sikubaliani nazo. Chupa au glasi moja ikianguka ndani, au mvinyo ukimwagika, samaki ndio watakaolipa. Juu ya tangi paachwe wazi kwa sentimita 40 angalau, pawe na mfuniko unaofungwa vizuri ambao mgeni mchangamfu hawezi kuufungua. Friji hutoa joto na mtetemo, na samaki huhisi mtetemo kwa mwili wake wote kupitia mstari wa hisi ulio ubavuni. Friji na spika za besi zikae upande wa pili, pasipo kugusana na meza ya tangi.

Kuhusu samaki wa bahari, ningekuomba usubiri. Maji ya chumvi hupungua kwa joto na kuacha chumvi ikizidi kukolea, hula bawaba na vyuma, na matumbawe hayasamehi kukatika kwa umeme. Tena samaki wa visiwa vya Bongoyo na Mbudya wako katika maeneo tengefu ya bahari, kwa hiyo si wa kwenda kuwachota.

Tanzania tuna hazina ambayo wafugaji wa Ulaya na Marekani huitafuta kwa bidii: samaki wa Ziwa Tanganyika. Kwa baa, chaguo langu la kwanza ni frontosa, yaani *Cyphotilapia frontosa*, mwenye mistari myeusi na nundu kichwani. Hukaa kwenye kina kirefu, hupenda mwanga hafifu, na huogelea polepole, hivyo chumba chenye taa ndogo kinamfaa kuliko karibu samaki yeyote ninayemjua. Kundi la wanane au kumi linatosha kwa tangi lako, kwani dume hufikia sentimita 30 na zaidi. Usimchanganye na samaki wadogo, atawameza. Mawe makubwa yenye mapango yakae juu ya kitako chenyewe, mchanga umwagwe baadaye, la sivyo samaki watachimba na mawe yataporomoka.

Maji ya ziwa lile yana pH (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji) ya karibu 9 na nyuzijoto 24 hadi 27. Kwa Dar es Salaam hutahitaji kifaa cha kupasha joto. Kazi yako itakuwa kupoza, na feni ndogo inayopuliza juu ya maji husaidia sana. Maji ya bomba yana klorini, na visima vingi vya pwani vina chumvi, kwa hiyo pima kwanza. Kabla ya kuingiza samaki, acha chujio lifanye kazi wiki nne hadi sita likilishwa amonia kidogo (sumu ileile inayotoka kwenye taka za samaki), ili bakteria wanaobadilisha amonia kuwa nitraiti na kisha nitreti wazaliane. Amonia huzidi ukali katika maji yenye pH ya juu kama haya, na haraka hapa huua.

Kila wiki utabadilisha lita 200 hivi. Hapa ndipo baa inapokusaidia: sinki la kaunta tayari linaleta bomba la maji na la kutolea, basi mwambie fundi aongeze tawi la kila moja hadi ukutani, na shimo la kutolea maji sakafuni.

Sasa hatari ambayo watu wengi hawaifikirii. Pampu ya hewa hunyonya hewa ya chumba chenu na kuisukuma majini. Dawa nyingi za kupuliza mbu zina pairethroidi, ambazo ni sumu kali mno kwa samaki, na moshi wa sigara nao hubeba nikotini. Peleka pampu kwenye chumba kingine au karibu na dirisha lenye hewa safi, na mtu yeyote wa nyumbani asipulize dawa ndani ya chumba hicho, hata mara moja.

Taa ziwake alasiri hadi saa nne au saa tano usiku, zikipungua polepole, kisha samaki wapate giza. Taa za kumetameta kama za disko usiweke.

Mjenzi_Kigamboni

Nawashukuru nyote kwa moyo wenu. Mhandisi amepitia michoro na amenishauri niteremke, kwa hiyo baa itahamia chumba cha chini, tangi likiwa ukutani nyuma ya kaunta. Frontosa nimewapenda. Limebaki moja: umeme huku hukatika, wakati mwingine usiku kucha. Nifanye nini?

Mwanga_na_Nyaya

Kwanza usalama wa watu. Saketi ya tangi na sinki iwe na kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampia 30, na soketi zikae pembeni, si chini ya tangi. Kila waya ushuke chini ya soketi kisha upande, ili tone likitiririka lidondokee sakafuni.

Umeme ukikatika, kinachokwisha mapema ni oksijeni. Huna haja ya inveta ya kuendesha taa na friji. Pampu ya hewa hutumia wati chache tu, na betri ndogo huiendesha usiku mzima. Weka pampu hiyo juu zaidi ya usawa wa maji, au funga vali ya njia moja kwenye mpira wake, maana ikisimama maji yanaweza kurudi kupitia mpira hadi kwenye nyaya. Chujio la mkebe, yaani lile lililofungwa na kukaa nje ya tangi, likizimika kwa saa nyingi, lifungue na ulisuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha tena, kwa kuwa bakteria wa ndani hufa kwa kukosa hewa na uchafu wao ukirudi kwa samaki ni sumu.

Na kabla seremala hajavika mbao, jazeni tangi maji matupu, liachwe wiki nzima huku mkikagua kila kiungo cha silikoni na usawa wa meza kwa pima maji.