Naomba ushauri: kitu cha bei gani kiingie kwenye rejista ya mali za kudumu?

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu.

Natunza hesabu za mgahawa mmoja hapa Morogoro. Nilipozipokea, rejista ya mali ilikuwa na kila kitu: jokofu, jiko la gesi, hadi chujio la chai la shilingi 4,000 linalokatwa uchakavu (sehemu ya bei yake kuandikwa gharama) kila mwaka! Nilicheka, halafu nikakumbuka ni mimi wa kuisafisha.

Nimejaribu kuweka mpaka wa laki tano: chini ya hapo ni matumizi ya mwaka, kuanzia hapo ni mali ya kudumu. Jokofu na kompyuta havikunisumbua. Nimekwama kwenye viti. Mwezi uliopita tulinunua viti 60 vya plastiki, kimoja 18,000, risiti moja ya 1,080,000. Kiti kimoja hakifiki popote, vyote pamoja vinauvuka mpaka mara mbili. Nimesoma IAS 16, kile kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mali za kudumu, hakitaji kiasi chochote cha mpaka. Kinatuachia wenyewe tuamue, na kinakubali vitu vidogo vidogo kujumlishwa.

Bosi anataka viti vyote viandikwe matumizi mwaka huu ili faida ishuke na kodi ipungue. Mimi nasita, maana mwakani tukinunua meza atataka kinyume chake.

Kwa biashara inayouza kama milioni 9 kwa mwezi, laki tano ni sawa au ni kubwa mno? Na viti vile mngevipima kimoja kimoja, au kwa risiti nzima?

Natanguliza shukrani.