Naomba ushauri: kuhamia Upanga tukiwa na watoto wadogo

Ndugu zangu, tunaishi Kibamba, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kwa kuwa mimi na mke wangu tunafanya kazi katikati ya jiji, tunatoka watoto wakiwa wamelala na mara nyingi tunarudi wamekwisha kulala tena. Tunafikiria kuhamia Upanga, eneo lililo jirani na katikati ya jiji, karibu na Hospitali ya Muhimbili, ambako familia zenye asili ya Kihindi, Waarabu na watu wa bara na pwani hukaa katika majengo yale yale. Dalali ametuonyesha nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, isiyo na lifti. Ngazini palinukia bizari na samaki wa kukaanga, jambo lililonivutia kuliko nyumba yenyewe. Mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima, mbali na udalali wa mwezi mmoja.

Wasiwasi wangu mkubwa ni watoto, waliozoea kucheza uani: je, majirani wa ghorofani huwaacha watoto wao wachanganyike, au kila mlango hufungwa? Mama, tunayeishi naye, hupika kwa mkaa na hataki kusikia habari za gesi. Mliowahi kuishi huko, naomba mnieleze pia hali ya maji, na kama kodi ya miezi sita hukubaliwa.