Naomba ushauri: tumpime sasa mtoto mchanga ugonjwa wa kurithi au tusubiri dalili?

Ndugu zangu, naombeni ushauri. Mtoto wa kwanza wa dada yangu amethibitika kuwa na xeroderma pigmentosum, kwa kifupi XP, ugonjwa wa kurithi ambao mtafiti James Cleaver alionyesha mwaka 1968 kwamba unatokana na seli kushindwa kukarabati DNA iliyoharibiwa na mionzi ya urujuanimno iliyomo kwenye mwanga wa jua. Kwa kawaida vimeng'enya hukata kipande kilichoharibika na kuziba pengo kwa kufuata uzi wa pili wa DNA. Kwa mtoto huyu madhara hayo hubaki na kulimbikizana, na ndiyo maana madoadoa yalimjaa usoni na mikononi mapema mno.

Wazazi wote wawili ni wazima, ila kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni yenye hitilafu, hivyo kila mimba yao ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Sasa wana mtoto mchanga asiye na dalili yoyote. Shemeji angependa tusubiri. Mimi naogopa sana, kwa sababu wagonjwa hawa huweza kupata saratani ya ngozi wakiwa bado watoto, na kinga dhidi ya jua inafaa ianze mapema.

Je, mliopitia hali hii mlimpima mtoto akiwa na umri gani, na mliwezaje kumshawishi mzazi aliyesita?