Naomba ushauri: "wapanda farasi" inatosha kwa askari wa vita?

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kidogo. Naandaa stori ya vita ya kwanza ya dunia huku kwetu, kipande cha 1916 pale Kondoa Irangi, jeshi la Jenerali Van Deventer lililotoka Afrika Kusini likashuka na farasi kuwafuata Wajerumani, sasa hao askari nawaitaje? Nikiandika "wapanda farasi" kwenye Biblia ipo, Matendo 23 wale sabini waliomsindikiza Paulo, ila kijana wa leo akisoma si atawaza mashindano ya mbio tu?

Halafu kuna kitu kingine kinanichanganya, wale jamaa wengi wao hawakuwa wanapigana juu ya farasi, farasi ni usafiri tu, wakifika wanashuka wanapiga risasi chini kama askari wa miguu wengine. Tofauti kabisa na wale wa Uingereza kule Balaklava 1854 waliovamia mizinga wakiwa juu ya farasi. Wote niwaite jina moja? Na Wamarekani nao mpaka leo wana divisheni yenye jina la askari wa farasi (1st Cavalry Division), ila Vietnam walienda na helikopta, hapo ndo nikachoka.

Nimefikiria "askari wa farasi" kwa wote, alafu hawa wa Kondoa niongezee "wa miguu wenye farasi", ila inakaa ndefu, na farasi wenyewe ndorobo na magonjwa viliwamaliza njiani maskini. Waliosomea Kiswahili au waliopita jeshini, nyie mnatumia lipi?