Tupeane uzoefu: nani amewahi kufufua dau, ngalawa au mashua iliyotelekezwa, na hela ilikwendaje?

Mpwa wa Sahare
Wakuu, salaam. Leo nimepita pwani nikakuta vijana wanapasua mashua kuukuu wapate kuni za kuchomea chokaa. Mataruma (mbavu za chombo) mazima, mlingoti bado umesimama. Imeniuma, kwa sababu na mimi nimeachiwa dau na marehemu mjomba, futi 18, limelazwa juu ya magogo chini ya mkungu tangu alipoanza kuugua. Ndani lina majani na maji ya mvua. Mbao za juu zimeachana, ukiinama unaona mwanga upande wa pili. Fundi wa kwanza amesema nilichome tu. Sitaki kulichoma. Hela sina nyingi, nguvu ninazo. Mliowahi kufufua chombo, mlianzia wapi?

Keke na Tezo
Ndugu yangu, kuona mwanga kati ya mbao si kifo cha chombo. Ubao ukikaa juu unakauka na kusinyaa, ukirudi majini unavimba. Kinachoua dau ni hayo maji ya mvua uliyoyataja kwa haraka. Maji ya chumvi yanahifadhi mti, maji ya mvua yanauozesha, na yanaanzia pale yanapotuama: chini ya mataruma na juu ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Leo hii, kabla hujaita fundi wa pili, toa majani, kausha ngama (chini ndani, maji yanapokusanyika), ezeka makuti juu yake, acha upepo upite.

Kisha chukua bisibisi nyembamba, pita nayo kwenye mkuku, kwenye miguu ya mataruma na ubao wa kwanza wote. Ikigota, shukuru. Ikizama kama kwenye muhogo uliochemka, tia alama ya chaki. Alama zikiwa juu, hiyo ni kazi ya pesa ndogo. Zikijaa kwenye mkuku, basi fundi wa kwanza hakukudanganya.

Bandari Salama
Bisibisi. Hapo umemaliza kila kitu.

Mama Mwani
Asalaam aleykum. Mimi nimeachiwa ngalawa na baba, nikaifufua kwa hela ya mwani hukuhuku Jambiani. Gogo la mwembe lilikuwa limepasuka omo (mbele), mirengu (miti inayokatiza juu ya gogo) imeoza, matengo (mbao za kuelea ubavuni) hayapo kabisa. Kaka zangu walisema haina kazi tena. Mimi nilikuwa nalipa watu kunibebea mwani kutoka shambani wakati wa maji kujaa, nikaona heri hela ile niile mwenyewe.

Nilichojifunza: usinunue vitu vyote siku moja. Nilinunua kila nilipouza mwani. Bamvua hii kamba, bamvua ile pamba na misumari. Ule ufa fundi alipekecha tundu dogo mwisho wake ili usiendelee, akaweka kiraka cha ubao kwa ndani, katikati kitambaa cha pamba kilicholowa mafuta. Mirengu tulifunga kwa kamba, hakuna msumari hata mmoja, maana mrengu lazima ucheze kidogo wimbi likipiga. Ukiukaza kwa msumari unapasua gogo. Ngalawa inafanya kazi hadi leo.

Mtu wa Kojani
Hongera dada. Ila mwanamke na chombo, wazee wetu hawakuwa wakiruhusu.

Mama Mwani
Wazee wako au wangu? Baba yangu ndiye aliyenifundisha kufunga tanga. Tuzungumze mbao.

Keke na Tezo
Kojani, mwache dada. Aliyoyasema ya mrengu kuna mafundi hawayajui.

Nahodha Mstaafu
Kijana wa Sahare, usitie kalafati (pamba ya kuziba nyufa) kwenye mbao kavu! Nimeona dau limegongelewa pamba likiwa limekauka kabisa, fundi anasindilia kwa nguvu zake zote. Lilipoingia majini mbao zikavimba, pamba ikakosa pa kwenda, mataruma yakang'oa misumari. Lizamishe kwanza. Lipeleke maji yakiwa yamepwa, lijaze mchanga kidogo lisielee, liache lijae na kupwa mpaka mbao zikutane zenyewe. Ndipo utie pamba pale panapobaki wazi.

Keke na Tezo
Sheikh, nakuheshimu, lakini dau lenye misumari iliyokufa ukilijaza mchanga na maji unalivunja uti. Uzito wote unakaa kwenye mkuku. Sisi Nungwi tunalilowesha likiwa juu: magunia yaliyolowa maji ya bahari yanatandikwa ndani na nje, yanamwagiwa asubuhi na jioni. Halafu pamba inatiwa kwa mkono mwepesi, inajaza bila kukaza. Bahari inamalizia.

Nahodha Mstaafu
Maji ya magunia hayafiki ndani ya maungio ya mbao.

Keke na Tezo
Yanafika.

Nahodha Mstaafu
Hayafiki, mwanangu. Nimesafiri na hivi vyombo kabla hamjazaliwa.

Mwana Ukerewe
Sisi wa ziwani tunawasoma tu. Huku hakuna chumvi ya kuhifadhi wala mdudu wa baharini wa kutoboa. Mtumbwi wetu unaoza kuanzia juu, pale unapolowa na kukauka kila siku. Pamba tunayo, Usukuma ndio kwenyewe. Mbao ndiyo inayotumaliza.

Ulenge Mpaka Yambe
Mmenikumbusha siku ambayo bado huwa naiota. Naandika kwa urefu, mnisamehe.

Nilinunua mashua hapa Tanga, kwa mtu aliyehama. Ilikuwa imepakwa rangi ya samawati safi, ndani na nje. Nilipita na kisu nje, nikagonga kwa nyundo, ubao ukajibu vizuri. Mataruma mawili yaliyooza nikayabadilisha kwa mlilana uliopinda wenyewe. Nikatia pamba, nikapaka deheni, yaani shahamu na chokaa, sehemu inayokaa chini ya maji, kama inavyotakiwa. Ikakaa majini wiki nzima, ngama kavu. Kila mtu aliyeiona aliisifu.

Tukatoka kwenda upande wa Yambe, mimi, mdogo wangu na mzee mmoja wa jirani. Kusi ilikuwa imeamka. Kurudi tukapata mawimbi ya kuvunja, chombo kinapanda na kuanguka kwa kishindo. Kwenye kishindo kimoja nikasikia sauti ya kitu kigumu kikianguka ndani, tap. Nikaangalia, sikuona kitu. Punde mdogo wangu akasema miguu inalowa.

Mwenye chombo wa zamani alikuwa ameziba kipande kizima cha ubao wa tatu kwa sementi. Sementi! Akasawazisha, akapaka rangi juu, nje na ndani. Kwa kisu inagota, kwa nyundo inalia kama mti. Chombo kinapinda, sementi haipindi. Ilivyotoka ilitoka nzima, tundu la kuingiza ngumi, maji yanaruka kama bomba. Upo wa kufulia maji tuliokuwa nao ulikuwa mmoja. Mdogo wangu akafua maji kwa upo, mimi kwa sufuria, na hayapungui. Tanga linavuta, ubavu wenye tundu ndio uliolalia maji. Nilianza kusoma shahada, sikufichi.

Yule mzee hakupiga kelele. Alisema tugeuze, foromali (mti unaobeba tanga) ihame upande wa pili, chombo kilalie ubavu mzima. Kugeuza kwenye bahari ile, na maji yamefika kwenye vifundo! Tukageuza. Chombo kikalala upande mwingine, tundu likanyanyuka, likawa linalamba maji mara mojamoja tu. Mzee akavua kikoi, akakisokota, akachukua mche wa sabuni ya kufulia tuliokuwa nao, akaufinyanga pamoja na kitambaa, akasindilia kwa goti. Juu akaegemeza kibao, akakikaza na kipande cha kasia kwenye taruma la pili. Njia haikuwa ya nyumbani tena, maana tulikwenda upepo ulikotaka, tukapwelea kwenye mchanga usiku.

Sasa shauri langu kwa Sahare: kwangua rangi yote. Yote! Chombo cha kurithi au cha kununua, ukitaka kukiamini kione ubao mtupu. Na beba nyupo mbili.

Bandari Salama
Mwili umenisisimka. Mungu amrehemu huyo mzee kama ametangulia.

Ulenge Mpaka Yambe
Yupo hai. Na kikoi nilimnunulia kingine.

Mtu wa Kojani
Sementi iko kwenye vyombo vingi kuliko mnavyofikiri. Siku hizi wanatia na lami.

Shela Upepo
Lamu hapa. Lami si mbaya ikiwa ni ya muda. Mbaya ni faiba (fiberglass) juu ya mbao kuukuu. Watu wanafunika dau zima wakidhani wamemaliza, kumbe wamefungia unyevu ndani. Mbao inaoza gizani, siku ukigutuka umebaki na ganda. Kama ubao ni mkavu na mzima, haya. Kama ni wa zamani, baki na pamba na sifa (mafuta ya papa).

Mwana Ukerewe
Faiba huku imetuokoa.

Shela Upepo
Kwenye mtumbwi mpya au wa zamani?

Mwana Ukerewe
Mpya.

Shela Upepo
Basi tunasema kitu kimoja. Na anayesema mti umekuwa ghali, asidharau plastiki. Jahazi la Flipflopi, liliundwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likasafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Walioliunda ni mafundi wa majahazi hawahawa wa tezo na keke.

Nahodha Mstaafu
Nzuri ya maonyesho. Mvuvi wa kawaida atatoa wapi mashine ya kuyeyusha plastiki?

Mlango wa Vanga
Ninyi mnazungumza mbao, mimi naomba mzungumze karatasi. Nilikuta dau kwenye mikoko, limeegama, kaa wamefanya nyumba. Zuri la umbo, gubeti (pua ya chombo) limechongwa kwa mkono wa mtu anayejua. Nikaulizia, nikaelekezwa kwa mtu, akasema ni la ndugu yake, tukaelewana bei mbele ya mashahidi. Nililishughulikia kidogokidogo, mbao za pili na tatu nikaweka mpya, kila msumari nikaupekechea kwanza na kuuzungushia uzi wa pamba wenye mafuta chini ya kichwa.

Siku ya kulishusha, bamvua, watu wamejaa, wanasukuma kwa nyimbo. Mtu mmoja akaona sakafu ya shetri (nyuma) iko juu kuliko kawaida. Tukabandua. Chini yake kuna sakafu nyingine, na katikati magunia yaliyooza. Harufu ikafunguka pwani nzima. Karafuu.

Mnajua mpaka huu wa Kenya na Pemba, na magendo ya karafuu tangu zamani. Kabla ya maghrib maafisa wamefika. Dau likafungwa mnyororo, mimi nikachukuliwa. Nawaeleza karafuu zimekuwa tope jeusi, ni za miaka na miaka, hawasikii. Na aliyeniuzia hakuonekana tena.

Mama Mwani
Subhanallah. Ikawaje?

Bandari Salama
Usituache hapo.

Mtu wa Kojani
Gubeti lilichongwaje? Lina nakshi gani?

Mlango wa Vanga
Duara na nyota ndani yake, upande wa kulia imepasuka. Kwa nini?

Mtu wa Kojani
Nitakuuliza faragha. Huenda namjua aliyelichonga.

Bandari Salama
Hapana! Semeni hapahapa.

Keke na Tezo
Mwenzetu wa Sahare anataka kufufua dau, nyie mmehamia kwenye karafuu.

Bandari Salama
Sahare atasubiri. Vanga, malizia.

Mlango wa Vanga
Wazee walisimama wakaeleza dau lile lilikwama lini na kwamba mimi wakati huo nilikuwa mtoto. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, akaandika barua. Mimi niliachiwa mapema, dau ndilo lililokaa. Misimu miwili ya mvua, wazi, uani kwao, hakuna hata kuti juu. Niliporudishiwa, pamba yote ilikuwa imeoza, ubao wa juu umepinda. Nikaanza upya. Linavua sasa, alhamdulillah. Ila mtu yeyote anayenunua chombo cha kuokota: barua ya BMU, au ya sheha (kiongozi wa shehia) kwa walio Zanzibar, kabla ya kununua hata msumari. Na bandua sakafu mbele ya mashahidi.

Mpwa wa Sahare
Nimesoma yote, asanteni sana. Nimepita na bisibisi. Mkuku umegota mwanzo hadi mwisho. Alama nimeweka kwenye miguu ya mataruma manne na ubao mmoja wa shetri. Rangi nimeanza kukwangua, sementi sijaona bado. Hili la mjomba karatasi zake zipo. Tanga ndilo hakuna, panya wamelimaliza.

Mama Mwani
Salfeti za unga. Fumua, osha, shona mbili kwa mbili, pindo weka kamba. Bei yake ndogo.

Nahodha Mstaafu
Salfeti inaliwa na jua, itakupasukia msimu mmoja. Nunua marekani nzito (kitambaa cha pamba), uishone mara moja.

Shela Upepo
Marekani ikilowa nzito mno kwa dau la futi 18. Turubai jepesi.

Mtu wa Kojani
Bango la matangazo la barabarani. Jirani yangu analo, anavua na picha ya mtu anakunywa soda. Tanga linashika upepo, na samaki anawapata.

Keke na Tezo
Kojani, bango ni zito na halina mfuko, halishiki upepo mwembamba. Sahare, anza na salfeti ujaribie chombo karibu na nchi, huku unaweka akiba ya marekani. Foromali usinunue ya mbao ya kupasua, tafuta mivinje miwili mirefu uiunganishe kwa kamba katikati. Ikivunjika unabadilisha nusu.

Mpwa wa Sahare
Na mataruma manne? Nimeambiwa mlilana. Huku nikiukata nitakuwa nimeingia matatani?

Ulenge Mpaka Yambe
Usikate mwenyewe. Mikoko ni hifadhi, pitia ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) uulize kibali, au nunua kwa mwenye kibali na ushike risiti yako. Lakini kwanza nenda kwa wale vijana wa chokaa uliowaona asubuhi. Mashua wanayoipasua ina mataruma yaliyopinda tayari, na kwao ni kuni tu. Wahi kabla hawajawasha tanuri.

Mpwa wa Sahare
Natoka sasa hivi na toroli.